Kumuuliza aliyesononeka: Somo kutoka Kibondo na Kasulu

Mtu akishukiwa kuwa na malaria hutolewa tone la damu, likapimwa, majibu yakatoka. Sukari ina kipimo chake na presha ina mashine yake. Lakini ukienda kwa daktari ukamweleza kuwa huna raha, usingizi umekupotea na moyo unakwenda mbio bila kukimbizwa, hakuna damu atakayoitoa ikamwonesha sonona. Atakuuliza maswali. Kipimo chenyewe ndiyo hayo maswali. Kwa hiyo swali likiulizwa vibaya, au likijibiwa kwa adabu badala ya ukweli, kipimo husema uongo, na mgonjwa akarudi nyumbani akiwa ameambiwa ni mzima. Au mzima akarudi na vidonge.

Katika makala haya nataka tulitazame jambo hili tukiwa tumesimama katika nyanda za juu za mkoa wa Kigoma, kwenye wilaya za Kibondo na Kasulu. Nimechagua huko kwa makusudi. Sisi tunaoishi mijini tumejizoesha kuamini kuwa msongo wa mawazo ni maradhi ya foleni, kodi ya nyumba na mkopo wa benki. Kibondo na Kasulu watu wengi ni wakulima wa maharage, mihogo na ndizi, na foleni hawaijui. Lakini tangu vita vya Burundi na Kongo vya miaka ya 1990, ardhi hiyo imepokea watu waliobeba mizigo ambayo mwenye foleni hawezi kuifikiria. Nyarugusu, iliyoko Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia Kivu ya Kusini, wengi wao Wabembe. Mtabila ya Warundi, nayo Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa 2012. Mwaka 2015, baada ya Rais Pierre Nkurunziza kung'ang'ania muhula wa tatu, Warundi walimiminika upya: Nyarugusu ikafurika, Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena mwezi Oktoba mwaka huo, na Mtendeli ikafuata Januari 2016, kabla ya kufungwa mwaka 2021. Juni 2023 Shirika la Chakula Duniani lilipunguza mgao wa makambini hadi nusu ya kiwango kwa kukosa fedha.

Sasa mweke mtu mzima katika hali hiyo, umuulize kama wiki mbili zilizopita alikuwa na uchovu, hamu ndogo ya kula na usingizi wa mang'amung'amu. Atajibu ndiyo kwa yote. Je, ni mgonjwa?

Kabla ya kulijibu swali hilo tuelewane kwanza juu ya majina. Tuna mambo matatu ambayo mitaani tunayachanganya. Sonona ni huzuni iliyokaa, inayomwondolea mtu ladha ya vitu alivyovipenda, ikamfanya ajione si kitu. Wasiwasi, kwa maana ya madaktari, ni hofu isiyotoka: mdomo unakauka, mikono inatetemeka, pumzi inakuwa fupi, na mtu anangojea balaa ambalo halijui. Msongo ni kule kukazwa na mambo hadi mtu hawezi kutulia, anaudhika kwa jambo dogo na uvumilivu umekwisha. Mtu mmoja anaweza kuwa na yote matatu kwa pamoja, na aghalabu ndivyo inavyokuwa.

Mgawanyo wa namna hii haukuanzia Ulaya. Abu Zayd al-Balkhi, mwanachuoni aliyefariki mwaka 322 Hijria, sawa na 934 Miladia, aliandika kitabu cha Kiarabu kuhusu siha ya miili na ya nafsi, Masalih al-Abdan wal-Anfus. Humo alizungumzia ghadhabu, hofu, huzuni na wasiwasi, kila kimoja kwa mlango wake. Kuhusu huzuni akaigawa mara mbili: ile ambayo sababu yake inajulikana, kama kufiwa au kupoteza mali, na ile inayomjia mtu bila sababu anayoweza kuitaja, ambayo yeye aliihusisha na mwili na akataka itibiwe kwa njia za kimwili pia. Msomaji ataona kuwa swali letu la mama wa Nduta limo ndani ya mgawanyo huo, zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Nduta.

Vipimo vyenyewe

Vipimo vinavyotajwa sana ni vichache. Kimoja kinaitwa DASS, kilichotungwa na wanasaikolojia Lovibond na Lovibond wa Chuo Kikuu cha New South Wales, Australia, na kuchapishwa mwaka 1995. Kirefu kina maswali 42 na kifupi 21: saba ya sonona, saba ya wasiwasi, saba ya msongo. Kila swali linahusu wiki moja iliyopita na hujibiwa kwa namba kuanzia 0 mpaka 3. Katika kile kifupi, jumla ya kila fungu huzidishwa kwa mbili. Hapa ndipo wengi wanaojipima wenyewe hukosea, maana wanasahau kuzidisha. Mtu aliyepata 8 katika fungu la sonona akajiona salama, kumbe alama yake ni 16, nayo ni sonona ya wastani, kwa kuwa 10 hadi 13 ni nyepesi, 14 hadi 20 ni ya wastani, 21 hadi 27 ni kali, na kuanzia 28 ni kali mno. Wasiwasi na msongo vina viwango vyake tofauti: wasiwasi huanza kuhesabiwa kwenye 8, msongo kwenye 15.

Kingine ni PHQ-9, maswali tisa ya wiki mbili zilizopita, alama 0 hadi 27. Kikawaida 10 ndiyo mstari ambapo mhudumu anatakiwa asimame na kumtazama mtu kwa makini zaidi. Halafu kuna orodha ya Hopkins yenye maswali 25, kumi ya wasiwasi na kumi na tano ya sonona, ambayo imetumika sana kwa wakimbizi duniani na Nyarugusu pia imetumika.

Hakuna hata kimoja katika hivi kinachotoa hukumu. Kazi yake ni kama ya chekeche: kuonesha nani akae pembeni aongee na mtu mwenye utaalamu. Wapo wanaokipeleka kipimo kwenye warsha, wakawagawia watu karatasi, kisha jioni wakatangaza kuwa asilimia fulani ya kijiji wana sonona. Hilo si tangazo la ugonjwa. Ni idadi ya waliovuka mstari, basi.

Kisa cha watu wawili

Tuchukue mifano miwili ya kubuni. Mama wa Kirundi yupo Nduta, ana watoto wanne, anapata nusu ya mgao. Anaulizwa maswali tisa. Usingizi: kila siku, 3. Uchovu: kila siku, 3. Hamu ya kula na mambo ya chakula: 2. Kushindwa kukaza akili: 2. Huzuni: 0. Kukosa hamu ya shughuli: 0. Yaliyobaki: 0. Jumla ni 10, amevuka mstari. Lakini tazama alipozipatia hizo alama. Zote zimetoka tumboni na kwenye uchovu, na yale maswali mawili ya mwanzo ambayo ndiyo uti wa mgongo wa sonona ameyajibu hapana. Mama huyu apimwe malaria na upungufu wa damu kwanza, na aulizwe jana alikula nini. Ukimwandikia dawa ya sonona umemtibu njaa kwa kidonge.

Mtu wa pili ni mfanyabiashara wa Kasulu mjini, Muislamu, ana duka la vitenge. Kila anachoulizwa anajibu, "Alhamdulillah, mzima." Umekuwa na huzuni? Alhamdulillah. Umekata tamaa? Astaghfirullah, Muislamu hakati tamaa na rehema ya Allah. Unaona maisha hayana maana? Anashangaa: vipi yakose maana na sisi tumeumbwa kwa ibada? Jumla yake ni 3. Kwa karatasi ni mzima. Lakini wiki ya tatu sasa hajafungua duka, sala ya jamaa ameacha kwenda, na usiku wa saa nane anakaa barazani mpaka adhana.

Huyu hakusema uongo. Alijibu kwa itikadi yake, na alijibu vizuri. Kosa ni la aliyeuliza, aliyechukua maneno yaliyotungwa Sydney au New York akayaweka mbele ya mtu ambaye kwake kukata tamaa ni suala la imani kabla ya kuwa dalili. Kwa watu wetu swali lianze kwa kukubali ile shukrani: "Pamoja na kumshukuru Mungu, wiki hizi mbili usingizi unakujaje? Ukiamka kabla ya alfajiri, unaamka kwa ajili ya kuswali au unaamka kwa kuwa usingizi umekataa?" Hapo ndipo ataanza kusema. Na tusisahau kuwa Nabii Yaqub (a.s.) alilia mpaka macho yakaingia weupe, na mwaka aliofiwa Mtume wetu (s.a.w.) na Bi Khadija na ami yake Abu Talib wanahistoria wameuita mwaka wa huzuni. Kuhuzunika hakujamtoa yeyote katika imani.

Neno "wasiwasi" nalo lina mtego wake. Msikitini wasiwasi ni ule wa shetani, wa mtu anayerudia udhu mara tano na takbira mara sita. Ukimuuliza Muislamu kama ana wasiwasi, huenda akakujibu juu ya udhu. Ni afadhali kumuuliza kuhusu moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, kushindwa kukaa mahali pamoja. "Sonona" yenyewe ni neno la mabango ya afya. Kijijini watakwambia mtu ana mawazo mengi, kichwa kimechoka, moyo umekuwa mzito. Huko makambini mambo yanazidi kuwa magumu, kwa sababu Kiswahili cha Mkongo wa Nyarugusu si kile cha kitabu kilichochapishwa Dar es Salaam, na Mrundi wa Nduta anaelewana vizuri na Muha wa Kibondo kwa lugha zao zinazokaribiana kuliko anavyoelewana na karatasi ya Kiswahili sanifu. Na mkalimani ni nani? Mara nyingi ni jirani, au mtoto wake mwenyewe aliyesoma. Mama gani atamwambia mwanawe kuwa ametamani kufa?

Wenye kazi yao waliliona hili zamani. Nchini Rwanda, Paul Bolton alichapisha mwaka 2001 utafiti ambao kabla ya kugawa dodoso ulianza kwa kuwauliza watu wenyewe wanayaitaje yale waliyoyapata baada ya mauaji ya 1994. Wakataja hali waliyoiita agahinda gakabije, yaani huzuni iliyozidi kiasi. Msomaji wa Kibondo hahitaji kutafsiriwa sana neno agahinda, Warundi nao wanalo. Dalili walizozieleza zilifanana kwa sehemu kubwa na zile za vitabu vya madaktari, lakini walikuwa nazo pia zao wenyewe. Bolton na wenzake waliongeza jambo jingine ambalo kwa maoni yangu lina thamani kuliko namba yoyote: kumuuliza mtu ni kazi gani za kawaida za mwanamke au mwanamume wa hapo zimemshinda. Kulima, kuteka maji, kusenya kuni, kwenda msibani kwa jirani. Yule bwana wa vitenge angenaswa na swali hilo moja.

Hapa kwetu, Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake waliipima orodha ya Hopkins kwa wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam na kuchapisha matokeo mwaka 2002. Mwaka 2008 likafuata dodoso la maswali 19 lililotungwa hapa hapa nchini. Kwa hiyo anayesema kuwa hatuna pa kuanzia hajatafuta.

Mganga, jini na zahanati

Ipo kauli ambayo wasomaji wa safu hii wataitegemea: je, kama ni jini? Sitaingia katika mjadala huo, wenyewe masheikh wapo. Ninachotaka kukiweka mbele ya msomaji ni utafiti wa Ngoma, Prince na Mann, uliochapishwa mwaka 2003, uliofanyika Dar es Salaam kwa watu waliokwenda zahanati na waliokwenda kwa waganga wa jadi. Zahanati, asilimia 24 ya waliopimwa walikuwa na maradhi ya kawaida ya nafsi, yaani sonona, wasiwasi na jamaa zake. Kwa waganga ilikuwa asilimia 48, mara mbili. Maana yake wagonjwa hawa hawajajificha. Wamo kwenye foleni ya mganga na ya anayesoma ruqya, na huyo ndiye mtu wa kwanza wanayemweleza. Kusomewa Qur'an hakumzuii mtu kwenda kupimwa, na Waislamu waliojenga hospitali za Baghdad na Cairo zilizokuwa na sehemu za wagonjwa wa akili walikuwa wakiisoma Qur'an hiyo hiyo. Msomaji wa ruqya anayejua maswali manne tu, la usingizi, la hamu, la kazi zilizoshindikana na la kutamani kufa, anaweza kuokoa mtu. Asiyeyajua anaweza kumfunga kamba wiki nzima.

Naam, kutamani kufa. DASS haina swali hilo kabisa, na anayeitumia peke yake ajue kuwa ameliacha. PHQ-9 inalo, ni la tisa. Swali hili halijumlishwi tu na mengine. Mtu akilijibu kwa alama yoyote isiyo 0, hata kama jumla yake ni ndogo, mazungumzo ya karatasi yaishe hapo na yaanze ya ana kwa ana: ni tangu lini, je amefikiria njia, je njia hiyo iko karibu. Wakulima wanaweka dawa za kuulia wadudu chini ya kitanda. Wapo wanaoogopa kuwa kuuliza kutampa mtu wazo. La hasha, utafiti haujaonesha hivyo. Wengi hupata nafuu kwa kuulizwa.

Lakini mtu atajibu ikiwa tu jibu lake ni salama. Kanuni ya Adhabu tuliyoirithi kwa Mwingereza, kifungu cha 217, iliweka kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu cha namna hiyo katika sheria za nchi yao kinapingana na Katiba. Ongeza na aibu ya mtaani kuhusu maiti ya aliyejiua, nani atamswalia, na utaelewa kwa nini swali la tisa hujibiwa hapana na watu wengi ambao jibu lao ni ndiyo. Mkimbizi ana hofu nyingine ya juu yake: jina lake likiandikwa kuwa ana ugonjwa wa akili, litamwathiri vipi kwenye faili la kuhamishiwa nchi ya tatu? Basi anayeuliza aseme mapema karatasi inakwenda wapi na nani ataisoma. Akishindwa kusema hilo, asiulize.

Na asiulize pia kama hana la kufanya baada ya jibu. Hili nalisema kwa wale vijana wetu wazuri wa jumuiya za misikiti wanaotaka kwenda Kasulu na dodoso kwenye simu. Kumfunua mtu kidonda kisha ukapanda basi kurudi Dar es Salaam ni dhuluma. Msaada si lazima awe daktari bingwa, ambao ni wachache na wengi wako mbali. Mwaka 2002 kusini mwa Uganda, katika vijiji thelathini vya Masaka na Rakai, walifanya jaribio la vikundi vilivyoongozwa na watu wa huko huko waliopewa mafunzo mafupi. Wakakutana kila wiki, na sonona ikapungua sana ikilinganishwa na vijiji ambavyo havikupata vikundi. Nyarugusu kwenyewe, mradi wa utafiti uitwao Nguvu, wa Muhimbili na Chuo Kikuu cha Johns Hopkins pamoja na mashirika ya hapo kambini, ulitumia vikundi vya wanawake wa Kikongo vilivyokuwepo tayari kuwafikia wake waliopigwa na waume zao na ambao vipimo vilionesha wana dhiki ya nafsi. Hapo kipimo kilikuwa na mlango wa kumpeleka mtu.

Mlango huo nasi tunaweza kuujua kabla ya safari: ni zahanati ipi ya karibu ina mhudumu aliyefunzwa afya ya akili, anapatikana siku gani, nauli ni kiasi gani na ataitoa nani. Kisha aliyevuka mstari, na yule wa "Alhamdulillah" aliyeacha kazi zake, warudiwe baada ya wiki mbili kwa maswali yale yale, na muulizaji yule yule ikiwezekana. Ikiwa katikati hapo umeingia mwezi wa Ramadhani, maswali ya kula na kulala yasomwe kwa tahadhari, kwa kuwa mwezi huo sote tunakula usiku na kulala mchana.